Maswali ya Wasomaji: Pacha wa kidijitali, mashine yako na hela inayovuja bila wewe kuiona

Mwezi huu barua na meseji nyingi zimekuja juu ya kitu kimoja, pacha wa kidijitali, nadhani kwa sababu wauzaji wa mitambo wanaopita huku kwetu nyanda za juu kusini siku hizi wanalitaja hilo jina kwa kila mteja afu wanaondoka. Kwa kifupi ni mfano wa kitu chako ndani ya kompyuta, na sio mfano wa mashine yoyote ya aina hiyo, ni ile ile ya kwako yenye namba yake, na mfano huo unalishwa taarifa kutoka kwenye mashine yenyewe kila inapofanya kazi, umeme iliyokula, joto, saa, mtikisiko, spea zilizobadilishwa na lini, mpaka ukimuangalia huyo pacha unajua hali ya chuma kilivyo leo na unaweza kumuuliza nikifanya hivi itakuwaje kabla hujashika spana. Mimi ninachokipenda zaidi hapo ni upande wa gharama, yaani gharama ya maisha yote ya kitu, toka kinachorwa mpaka kinauzwa chuma chakavu, na ndo maana majibu yangu mengi humu yameegemea huko.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, Mbarali. Kuna kijana amekuja anataka anifungie mfumo wa pacha wa kidijitali na bei yake sio ndogo. Mimi mashine yangu naijua kwa sikio, mlio ukibadilika tu najua kuna kitu. Huo mfumo utaniongezea nini? (Mama wa mashine, Ubaruku)

JIBU: Kazi ni nzuri dada, pole na msimu. Hilo sikio lako usilidharau na usikubali mtu alidharau, kuna beringi nyingi sana zimeokolewa na masikio ya wenye mashine. Ila sikio linakuambia mashine inataka kufa, halikuambii mashine inakula hela wakati bado nzima, na kwenye kukoboa hela nyingi inapotea wakati mashine inanguruma vizuri kabisa.

Chukua mota. Tuseme una mota ya kilowati 15, inapiga kazi saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla saa 2,400. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 92 inavuta kama kilowati 16.3. Sasa ikaungua, ikapelekwa kwa fundi ikawaindiwa (ikafungwa waya upya) haraka haraka na waya usio saizi yake, ikarudi na ufanisi wa asilimia 88, itavuta kama kilowati 17. Mlio ni ule ule, mpunga unakobolewa vile vile, wewe hujui kitu, lakini kwa mwaka umeongeza karibu uniti 1,780 na tukiweka uniti moja kwa shilingi 350 hiyo ni zaidi ya shilingi 620,000 kila mwaka kwa mota moja tu. Weka miaka kumi uone kama ile bei ndogo ya kuwaindi ilikuwa ndogo kweli. Pacha anayesoma umeme kila dakika na kulinganisha na kilo ulizokoboa angekuambia wiki ile ile mota iliporudi kwamba uniti kwa tani zimepanda.

Afu joto. Kuna kanuni mafundi wa mota wanaitumia duniani kote, kwamba kila mota ikizidi nyuzi 10 juu ya joto ililotengenezewa kuvumilia, umri wa insulesheni ya zile waya unakatika karibu nusu. Umeme ukiwa mdogo au fezi zikawa hazilingani, kitu ambacho msimu wa mavuno mashine zote za mji zikiwaka kinatokea, mota inachemka. Sensa ya joto inaona, pacha anahesabu leo umetumia umri kiasi gani wa mota yako.

Ila kwa mashine ya mpunga pesa kubwa iko kwenye raba, zile rola mbili zinazomenya maganda. Raba zikiisha mwenye mashine anabana zaidi ili maganda yatoke, na hapo mchele unavunjika, chenga (vipande vya mchele) zinaongezeka. Watu wengi wanabadilisha raba wakiona zimekwisha kabisa, wanasema wametumia spea mpaka mwisho wamebana matumizi, kumbe siku zile za mwisho ndo zilikuwa za gharama kuliko zote. Fanya hesabu hii ukiwa na kalamu: kama unanunua mpunga mwenyewe na kuuza mchele, chenga zikipanda kwa asilimia 5 kwenye tani moja ya mchele ni kilo 50, na kama tofauti ya bei kati ya mchele mzima na chenga ni shilingi 800 basi umepoteza 40,000 kwa tani. Unatoa tani 5 kwa siku? Hiyo ni laki mbili kwa siku, linganisha na bei ya raba mpya. Na kama unakobolea watu kwa kilo, hiyo hasara haionekani kwenye daftari lako hata kidogo, inaonekana pale wateja wanapoanza kuipita mashine yako wanaenda ya jirani na wewe unadhani ni mambo ya watu.

Pacha mzuri wa raba anajua tani ngapi zimepita tangu ulipofunga zile raba, unyevu wa mpunga ulioingia (mpunga wa kukoboa unatakiwa uwe kwenye asilimia 13 au 14 hivi, ukiwa mbichi au mkavu kupita kiasi hesabu inabadilika), na chenga ulizopata, halafu anakuambia siku ya kubadilisha ambayo raba na chenga zikijumlishwa pamoja gharama ni ndogo kuliko siku nyingine zote. Sio mapema sana maana utatupa raba nzima, sio mwisho kabisa.

Sasa huyo kijana. Usimfukuze na usimlipe bado. Muulize swali moja tu: mfumo wako utanifanya nibadilishe uamuzi gani, na huo uamuzi una thamani ya shilingi ngapi kwa msimu? Akianza kukuonyesha picha ya mashine yako inazunguka kwenye skrini kwa rangi nzuri, mwambie asante. Akisema nitafunga sensa ya umeme kwenye waya wa mota, ya joto kwenye beringi mbili, na mizani mlangoni na mahali pa kutokea, afu kila Jumatatu nakutumia uniti kwa tani, chenga kwa tani na siku ya kubadilisha raba, huyo anajua anachoongea, kaa naye chini mzungumze bei. Wakati mnazungumza wewe anza na daftari, tarehe ya raba, kilo zilizoingia, mchele, chenga, uniti za LUKU. Pacha yeyote atahitaji hizo namba za nyuma na asipozipata atakaa msimu mzima anajifunza kwa hela yako.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa chuo kikuu cha MUST Mbeya. Tunabishana na wenzangu hosteli, wao wanasema pacha wa kidijitali ni mchoro wa 3D tu umepewa jina jipya. Na pia nataka kujua wazo lilitoka wapi. (Mwanafunzi, Iyunga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wako nusu sahihi, mchoro upo ndani yake ila mchoro peke yake sio pacha.

Mwaka 2002 Michael Grieves, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani, aliwaelezea watu wa viwanda wazo lake kwenye mada ya usimamizi wa maisha ya bidhaa, na alisema vitu vitatu: kitu halisi, kitu cha kwenye kompyuta, na njia ya taarifa inayowaunganisha wawili hao. Jina lenyewe la pacha wa kidijitali linatajwa kutoka kwa John Vickers wa NASA, shirika la anga la Marekani, na lilianza kuonekana kwenye maandiko ya NASA karibu na mwaka 2010. Ila kazi yenyewe ilishafanyika kabla ya jina. Aprili 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13, chombo kilichokuwa kinaenda mwezini, lilipasuka wanaanga wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, na wahandisi wa chini walitumia vyumba vya mazoezi vilivyofanana na chombo kile, wakaviweka kwenye hali ile ile chombo kilichokuwa nayo, wakajaribu hatua za kuwarudisha watu kabla ya kuwasomea kwa redio. Mimi hiyo habari hainichoshi, kwa sababu inaonyesha kilichofanya kazi sio uzuri wa mfano bali kwamba walikuwa wanaurekebisha kulingana na chombo chenyewe kilivyo saa ile.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu tumieni kipimo hiki. Kama taarifa unaziingiza kwa mkono, huo ni mfano. Kama zinatoka kwenye mashine zenyewe kwenda kwenye kompyuta ila hakuna kinachorudi, wataalam wanakiita kivuli. Kama zinaenda na kurudi, kompyuta inasema punguza kasi na mashine inapunguza au fundi anapewa kazi na akimaliza pacha anajua amemaliza, huyo sasa ni pacha. Na msione aibu kuishia kwenye kivuli, karakana nyingi kivuli kizuri kinazitosha kabisa. Toka mwaka 2021 kuna hata kiwango cha kimataifa cha pacha viwandani, ISO 23247, kama mnatafuta kitu cha kuegemea kwenye ripoti ya mradi kianze hicho.

Kuhusu mradi, naona uliandika chini kwamba mnataka kutengeneza pacha wa tanuru la kukaushia mbao kule Mafinga. Safi sana, nimefurahi, maana hapo mna shida halisi, mbao ikikaushwa haraka inapasuka na kupinda, ikikaushwa taratibu mno tanuru linakaa na mzigo mmoja siku nyingi na kuni zinateketea. Sensa za joto na unyevu, saketi ndogo ya ESP32, na mlinganyo wa kukauka mnaoujua darasani. Ila nawaomba kitu kimoja: wekeni shilingi ndani tangu siku ya kwanza. Pacha aseme mzigo huu ukitoka leo una thamani gani na ukikaa siku mbili zaidi utaongeza nini na kula nini. Mwenye kiwanda hatanunua grafu ya unyevu, atanunua jibu la nitoe mzigo leo au Alhamisi.

SWALI: Huku Mgololo mtandao unakatika sana, hasa mvua ikinyesha. Pacha atafanyaje kazi?

JIBU: Atafanya. Saketi ihifadhi taarifa kwenye memori kadi na itume mtandao ukirudi, na maamuzi ya haraka kama kuzima mota ikichemka yafanyike pale pale kwenye mashine bila kusubiri intaneti. Gharama za maisha ya mashine hazihesabiwi kwa sekunde, zikichelewa siku moja hakuna kilichoharibika. Anayekuambia lazima uwe na intaneti ya muda wote anauza kifurushi.

SWALI: Nina karakana Mbeya mjini, tunatengeneza mashine za kusaga nafaka, zile za nyundo. Tumeshauza nyingi kuanzia Kyela mpaka Makete. Tatizo langu ni garantii, mashine zinarudi au natuma fundi, faida inaliwa njiani. Nimesikia makampuni makubwa yanatumia pacha kusimamia bidhaa toka kuchorwa mpaka mwisho. Sisi wadogo tunaweza? (Fundi mkuu, Mbeya)

JIBU: Mnaweza, na kwa kweli nyie watengenezaji ndo mnaohitaji kuliko mnunuzi, kwa sababu gharama nyingi za mashine zinaamuliwa mezani kwako kabla hata chuma hakijakatwa. Ukichagua beringi, ukichagua unene wa bati, ukichagua nyundo za chuma gani, umeshaamua mama wa Makete atalipa nini miaka mitano ijayo na wewe utatuma fundi mara ngapi.

Anza na namba. Kila mashine inayotoka ipigwe namba yake kwenye bati, na kwa kila namba uwe na faili moja, hata Excel, inayosema mota ilikuwa ipi na namba yake, beringi za kampuni gani na zilinunuliwa lini, nyundo zilitoka kwenye chuma cha mzigo upi, nani aliifunga, iliuzwa wapi, vipimo vya siku ya kwanza. Karakana nyingi zinajua "tunatengenezaga hivi" lakini hazijui mashine ile iliyoko Matamba ilitengenezwaje hasa, maana siku hiyo dukani beringi za kawaida zilikuwa zimeisha mkaweka nyingine. Bila hiyo faili huna pacha, una kumbukumbu za watu na watu wanahama.

Halafu mazingira, na hapa sisi wa huku tuna jambo letu. Mota za kawaida zinapewa nguvu ile iliyoandikwa kwenye bati lake kwa matumizi mpaka mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa isiyozidi nyuzi 40. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, Makete imepita 2,000, hewa ni nyepesi na inapooza mota vibaya zaidi, ingawa baridi yetu inafidia kwa sehemu. Kyela iko chini karibu mita 500, hewa nzito lakini joto na unyevunyevu. Mashine ile ile, mchoro ule ule, inaishi maisha mawili tofauti, na ukiweka garantii moja ya miezi sawa kwa wote unawatoza watu wa sehemu moja makosa ya sehemu nyingine. Pacha wa kila mashine anakuonyesha ipi inachoka wapi na kwa nini, afu ukiwakusanya mapacha wote pamoja unaona mambo ambayo mashine moja haikuambii, kwa mfano kwamba zote zilizokufa beringi ya upande wa pulley (gurudumu la mkanda) zina beringi za mzigo mmoja, au zote ziko sehemu ambazo mkanda unakazwa mno kwa sababu mwenye mashine hakuonyeshwa.

Nikupe hesabu ya kukaa nayo, namba ni za mfano tu. Umeuza mashine 40. Beringi nzuri zenye sili zingekuongezea 25,000 kwa mashine, jumla milioni moja, na kwenye meza ya kuchora ile milioni inauma kwa hiyo mnaweka za bei rahisi. Mwaka unafuata fundi anakwenda vijijini mara 12 kwa ajili ya beringi hizo hizo, kila safari nauli, chakula, kulala na spea 120,000, jumla 1,440,000, na hapo sijahesabu siku ambazo fundi wako hakuwepo karakana na mteja aliyemwambia jirani yake asinunue kwako. Ukiwa na faili za kila namba hiyo milioni na hiyo milioni na laki nne zinakaa kwenye ukurasa mmoja. Bila faili, ya kwanza iko kwenye manunuzi, ya pili iko kwenye nauli, na hakuna siku zitakutana.

Sensa zije baadaye. Kwanza saa tu, kile kipimo cha kuhesabu saa mashine ilizofanya kazi, ni kitu cha bei nafuu na kinaondoa ubishi wa garantii karibu wote. Mteja anasema nimeitumia kidogo tu, saa inasema 1,900. Mwombe atume picha ya saa kwa WhatsApp kila mwisho wa mwezi na wewe umrudishie kitu cha maana, umwambie geuza nyundo wiki ijayo, paka grisi, kagua chekeche. Mtu akipata faida atatuma picha, asipopata hatatuma, ni hivo tu. Baada ya hapo mashine mpya ziwekee sensa ya umeme na mtikisiko, anza na zile zinazokwenda mbali ambako safari ya fundi ni ghali.

Ukifika huko kuna mlango mwingine unafunguka. Mwaka 1962 kampuni ya Uingereza ya Bristol Siddeley, ambayo baadaye iliingia Rolls-Royce, ilianza kuwatoza wenye ndege kwa kila saa injini ya Viper ilivyoruka badala ya kuwauzia matengenezo moja moja, na mpango wa namna hiyo mpaka leo upo kwenye injini za ndege. Mtengenezaji akilipwa kwa saa anaanza kutengeneza kitu kisichoharibika maana kikiharibika hasara ni yake. Kikundi cha akina mama kisichoweza kununua mashine nzima kingeweza kulipa kwa saa au kwa gunia, wewe mashine ni yako, pacha anahesabu. Sisemi ufanye kesho, mtaji wake ni mkubwa na bila namba za miaka miwili mitatu utapanga bei kwa kubahatisha na kuumia. Ila namba unazokusanya leo ndo zitakuruhusu siku moja.

SWALI: Kamwene mzee. Nina malori yanapiga Dar kwenda Tunduma, yote yana GPS. Nimeambiwa nina pacha tayari, ni kweli? Na madereva wanalalamika wanachunguzwa. (Makambako)

JIBU: Kamwene ndugu yangu. GPS inakuambia lori liko wapi, haikuambii linazeekaje. Pacha wa lori anataka zaidi, mzigo kwa kila safari, mafuta, joto la injini, breki, na kila tairi na kilomita zake. Hizo nyingi lori la kisasa tayari linazo kwenye kompyuta yake, kinachokosekana ni mtu wa kuzitoa na kuziweka pamoja na risiti.

Anza na tairi maana hesabu yake ni nyepesi na hela yake ni nene. Tairi ya 900,000 ikikimbia kilomita 90,000 imekugharimu shilingi 10 kwa kilomita. Ya 500,000 ikiisha kwenye 35,000 ni zaidi ya shilingi 14. Bei rahisi ndo ghali. Ila hilo jibu ni la lori gani, ekseli ipi, njia ipi? Lori linaloshuka mteremko mkali wa Kitonga limejaa kila wiki haliwezi kuhesabiwa breki na tairi sawa na linalokimbia tambarare, na hata kwenye Kitonga dereva anayeshuka kwa gia ndogo na breki ya injini na yule anayekanyaga breki njia nzima wana gharama mbili tofauti kabisa, mbali na maisha ya watu walioko mbele yao ambayo hayana hesabu.

Hilo linanileta kwa madereva. Wana haki ya kulalamika kama wanachunguzwa kimya kimya. Taarifa za mtu anavyoendesha na alikolala ni taarifa zake binafsi na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waite, waeleze unachukua nini, kwa ajili gani, nani anaona, na wapewe waone namba zao wenyewe. Afu gawana nao, dereva anayekupunguzia shilingi mbili kwa kilomita apate sehemu yake. Ukitumia pacha kuwakata mishahara tu, sensa zitaanza kuharibika zenyewe na utabaki na GPS yako.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kufungasha parachichi Njombe. Bosi anataka pacha wa chumba cha baridi. Gharama yake niiweke wapi, na je mashine ikiuzwa pacha anaenda wapi? Mkataba tulioletewa unasema taarifa zote ni mali ya muuzaji wa mfumo. (Mhasibu, Njombe)

JIBU: Mhasibu, umeuliza maswali ambayo wahandisi wanayasahau.

La kwanza, usiiweke yote kwenye kompyuta na vifaa vya ofisi. Sensa na kuzifunga ziende pamoja na chumba chenyewe kama sehemu ya mali, ada ya kila mwezi ya mfumo iende kwenye gharama za uendeshaji, na namna ya kuikata thamani muulize mkaguzi wenu. Cha muhimu zaidi ni kwamba kila chumba na kila kompresa iwe na namba yake ya gharama kwenye vitabu, umeme, gesi, fundi, na matunda yaliyoharibika. Hayo matunda ndo wengi wanayaacha. Parachichi aina ya Hass inasafirishwa kwenye baridi ya nyuzi 5 hivi au 6, mlango ukiachwa wazi wakati wa kupakia, au umeme ukikatika jenereta ikachelewa, hutaona kitu siku ile, utaona wiki kadhaa baadaye mnunuzi wa Ulaya akileta picha za matunda yaliyolainika na kukata bei, na kwenye vitabu inaandikwa punguzo la mauzo wakati kwa kweli ni gharama ya mlango. Pacha anayekumbuka joto la kila palleti toka inaingia, saa ilizokaa nje toka shambani, na ukavu wa nyama ya tunda siku ya kuvunwa, yaani sehemu inayobaki maji yakitolewa (kiwango cha UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya, kinataka Hass isiwe chini ya asilimia 21) atakusaidia kurudisha hasara pale ilipotokea, na wakati mwingine atakusaidia kumwambia mnunuzi kwa ushahidi kwamba sisi kwetu baridi haikukatika.

La pili, mkataba huo msisaini hivyo ulivyo. Taarifa za chumba chenu ni zenu. Muuzaji aruhusiwe kuzitumia kuboresha mfumo wake, sawa, lakini iandikwe kwamba mnaweza kuzichukua zote muda wowote kwa faili linalofunguka kwenye programu nyingine, kwamba mkiachana naye anawakabidhi ndani ya siku mtakazokubaliana, na kwamba hawauzii wala hawaonyeshi washindani wenu bei na ujazo wenu. Chumba cha baridi kinadumu miaka mingi kuliko kampuni nyingi za programu, sasa kampuni ikifungwa mwaka wa nne mtabaki na chumba kisicho na historia.

Na chumba au kompresa ikiuzwa, uzeni na historia yake. Mnunuzi wa kompresa iliyotumika anaogopa asichokijua, ndo maana anakata bei. Ukimpa saa ilizofanya kazi, joto lake la kila siku na tarehe za kila spea, ana sababu ya kulipa zaidi na wewe una namba ya kutetea bei yako. Kabla ya kumkabidhi toa majina ya wafanyakazi na ya wateja wenu, yabaki kwenu, yanayohusu chuma yaende na chuma. Ikipelekwa kwenye chakavu pia msifute faili, ni kwenye hilo faili bosi atajua kama inayofuata anunue ya aina ile ile au la, na wewe utajua uitenge shilingi ngapi na kuanzia mwaka gani.

Maswali mengine ya mashine za chai kutoka Tukuyu nimeyapokea, yatajibiwa toleo lijalo.